Ndani ya Kufuli la Keateka

Naishi orofa ya saba. Lifti hakuna. Usiniulize kwa nini nilichukua chumba huko juu, jibu ni hela. Pale Pipeline, Embakasi, kadiri unavyopanda ndivyo kodi inavyoshuka. Chini kabisa ni maduka, kinyozi, M-Pesa na mama wa chipsi. Orofa ya kwanza na ya pili wanakaa watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Ya tatu na ya nne, watu wa malipo ya mwisho wa wiki. Ukifika ya saba umewafikia watu wa "nitakutumia jioni". Juu yetu ni kamba za nguo, halafu Mungu.

Siku ya kuonyeshwa hiyo keja, keateka, yule msimamizi wa ploti, alitangulia akinisifia mali. "Huku juu kuna hewa safi, boss." Hewa ilikuwepo kweli. Ila nilifika nikiwa sina nguvu za kuivuta. Nikaegemea ukuta nikitikisa kichwa. Yeye akadhani nimekubali, akaanza kuandika risiti. Ngiri tano ya mwezi, ngiri tano ya diposi. Hiyo diposi nilishaiaga. Mtu akirudishiwa diposi yote hapa Nairobi nadhani anafaa kupelekwa redioni aeleze wananchi alifanyaje.

Na watu, jamani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu milioni moja Embakasi. Mimi sibishani na serikali. Lakini nahisi hao wote waliwahesabia kwenye ngazi yetu, saa kumi na mbili asubuhi. Ngazi ni moja. Upana wake ni mabega mawili, na bega moja ni la mwenzako. Kila mtu anashuka kwenda kazini. Anayepanda ni mimi peke yangu, nimesahau simu. Natukanwa kwa lugha ambazo hata sizielewi, nami naitikia "asante".

Mwangaza nao hatuna. Majengo yamebanana, landilodi wetu na landilodi wa pili kila mmoja aligombania inchi ya mwisho. Dirisha langu linatazamana na dirisha la jamaa wa ploti ya pili, na katikati pameachwa nafasi ya paka mwembamba. Saa saba mchana, jua linachoma watu huko barabarani, mimi nawasha balbu nitafute soksi. Stima yenyewe ni ya tokeni, kwa mita ndogo ya landilodi, kwa bei anayoijua yeye na malaika wake. Televisheni niliuza. Ya nini? Nilikuwa natazama ya huyo jamaa wa ng'ambo, bure, hata maandishi ya chini nayasoma. Shida ni kwamba hapendi mpira. Juzi mechi imebaki dakika mbili, bao moja kwa moja, akahamia soap ya Mexico. Nikapiga kelele, "Wee! Rudisha!" Akaruka, akanitazama, akafunga pazia. Pazia halijafunguliwa tangu hapo. Na ndani ya nyumba yangu ndiko nilikolaumiwa zaidi, maana kumbe mke wangu, Mama Boi, alikuwa akiifuatilia hiyo soap.

Maji ni Jumatatu na Alhamisi, ikimpendeza mwenye kuyafungulia. Wanasema maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na kwamba huteremka huko vilimani yenyewe, hakuna haja ya kuyasukuma. Namwamini aliyesema. Yanateremka, yanavuka mabonde, yanapita mashamba ya chai, yanaingia jijini, yanafika hadi geti letu. Hapo yanatazama ngazi yanakataa. Kwa hivyo ni jerikeni. Lita 20 ni kilo 20, hilo hata mimi niliyeanguka sayansi nalijua, kwa mgongo. Kijana wa maji anauza jerikeni mbao pale chini. Orofa ya tatu ni thelathini. Orofa ya saba ni finje. Nilipolalamika aliniambia yeye hauzi maji, anauza magoti.

Nikaona nibebe mwenyewe. Kufika ya nne nikaiweka chini. Mama mmoja mjamzito akanipita na jerikeni mbili, moja kila mkono, anaongea na simu aliyoibana kwa bega. Akarudi nyuma. "Baba Boi, nikusaidie?" Nikamwambia hapana mama, napumzisha jerikeni. Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda.

Bomba likikauka kabisa landilodi hutufungulia maji ya kisima. Hayo ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, unajisugua tu unatoka umebadilika rangi. Halafu visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, ile inayopaka watoto meno ya rangi ya chai. Mwanangu Boi akicheka siku hizi unadhani ni mvutaji wa miaka mingi.

Wacha sasa nije kwa usalama, maana ndio ulionileta hapa. Landilodi anajivunia usalama. Tangazo lililokuwa pale getini nilipokuja lilisema "maji, stima, usalama wa kutosha". Kati ya hayo matatu, usalama ndio alioutimiza kupita kiasi. Kila kitu kina kufuli. Geti lina kufuli. Madirisha yana vyuma. Mlango wa kwenda kwenye paa una kufuli, sababu ni wezi wa nguo. Ukitaka kuanika unaitisha ufunguo kwa keateka, na ukishaanika unakaa papo hapo ulinde.

Jumamosi moja Mama Boi akanituma nilinde. Nikageuza beseni nikalikalia. Wamama wa orofa ya sita wakaona mwanamume mzima amekaa macho wazi, wakafurahi, wakaniachia na zao. Wa orofa ya tano wakasikia, wakaleta. Mimi nimevimba kifua. Keateka akapita akafunga mlango kwa nje, ati usalama zaidi, ufunguo akaenda nao. Sasa wewe unajua jua la paani Jumamosi mchana. Ni tamu. Nilipoamka kamba zilikuwa zikipepea peke yake. Suruali hakuna, shuka hakuna, sare za shule hakuna. Mlango bado umefungwa kwa nje. Ufunguo bado kwa keateka. Mimi sisemi kitu, nasimulia tu.

Kilichoachwa ni bukta yangu moja ya bluu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mwizi aliishika, akaitazama, akaipima kwa mwanga, akairudisha kwenye kamba. Tena akaibana na kibanio isije ikapeperuka. Wamama walimwambia mke wangu siku nyingine akikosa wa kutuma, alete kiti kitupu.

Pale getini tuna soja. Mzee, koti refu, rungu, karedio kadogo. Geti linafungwa saa nne usiku. Ukifika saa nne na dakika moja unabisha, unaita, unaimba. Anaamka, anatoa jicho moja kwenye tundu. "Wewe ni wa nani?" Kila usiku. Mzee, mimi ni Baba Boi wa orofa ya saba. "Boi gani?" Namweleza Boi, darasa lake, meno yake. Napanga nyumba na bado nahojiwa kila siku kana kwamba naomba uraia.

Lakini mwizi! Mwizi alikuja saa nane mchana akachukua televisheni ya watu wa orofa ya nne, inchi arobaini, akashuka nayo ngazi zote pole pole. Soja alimfungulia geti. Alidhani ni fundi, maana alimsalimia vizuri. Wiki ileile mimi nikabeba sabufa yangu kuipeleka kurekebishwa. Mzee alisimama! Mimi nilikuwa sijawahi kumwona amesimama. Akapuliza filimbi. Akaniwekea rungu kifuani. "Kibali cha kutoa vitu kiko wapi?" Nikarudi juu, orofa saba, nikashuka kwa keateka, nikaambiwa kibali anatoa nikimaliza deni la kodi. Sabufa bado ni mbovu. Iko pale, nimeweka sahani juu yake.

Ndipo nikaanza kuelewa kazi ya lile geti. Halizuii mtu kuingia. Linatuzuia sisi tusitoke na vitu vyetu kabla hatujalipa. Nikatazama zile kufuli zingine kwa jicho hilo, nikaona zote ni za ukoo mmoja. Tarehe tano ikipita keateka huzunguka na mfuko wa kufuli, kubwa kubwa. Kama hujalipa anaweka lake juu ya lako. Kufuli langu mimi nilinunua kwa vijana wa barabarani, nikisahau ufunguo nalifungua kwa kijiko. La keateka hata fundi wa kuchomelea aliogopa kuligusa. Sasa niambie nani analindwa na nani analindiwa.

Kulikuwa na Nyumba Kumi pia. Ule mpango ulipoanza huku Kenya mwaka wa 2013 tulielezwa ni wa majirani kujuana, na kwamba Tanzania wamekuwa na mabalozi wao wa nyumba kumi kumi tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Wazo zuri. Ila waliolibuni nadhani walikuwa wanafikiria nyumba zilizo ardhini, zenye ua na mbuzi. Orofa yetu peke yake ina milango 16. Wakahesabu kuanzia kwa ngazi, kumi ikaisha kwa jirani yangu. Mimi ni wa 11. Kikao cha kujuana kilifanyiwa mlangoni pangu na sikualikwa. Niliwasikiliza kupitia tundu la ufunguo wakikubaliana kuchunguza watu wasiojulikana, na mmoja akauliza, "Na huyu wa hapa?"

Kizimamoto tunacho, usidhani hatuna. Kimoja. Chekundu, kipya, bado kina nailoni. Kimefungiwa ofisini mwa keateka kisiibwe. Nikamuuliza, moto ukiwaka usiku? Akasema nimpigie. Simu ikiwa imezimwa? Akafikiria kidogo. "Basi nitumie meseji."

Unaona nacheka lakini hayo mambo ya moto hayanichekeshi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka pale Mradi, Embakasi hii hii yetu. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba na magari yakaungua. Tangu siku hiyo pua yangu hailali. Huku kwetu kila chumba kina mtungi wa kilo sita, umewekwa kando ya kitanda kwa sababu kando ya kitanda ndiko jikoni. Dirisha lina vyuma, ngazi ni ileile moja, na huko chini njia imejaa vibanda hadi mkokoteni ukipita lazima mtu ahamishe nyanya. Gari la zimamoto litapitia wapi, labda lije limekunjwa.

Basi usiku mmoja nikasikia harufu. Nikaketi. Nikamgusa Mama Boi. "Gesi." Akanusa. "Gesi." Nikabisha kwa Wakili. Wakili ni kijana wa chuo wa mlango wa tisa, anasomea sheria, lakini kwenye ploti ukishajua kitu kimoja unaulizwa vyote. Akaja na bukta. "Msiwashe taa! Msiguse swichi! Hii gesi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini sakafuni!" Nikaruka juu ya kitanda. Boi yuko chini kwenye godoro lake. Mama Boi akanitazama tu, akamwinua mtoto, hakusema neno. Nimeoa mwanamke ambaye kunyamaza kwake kuna herufi kubwa.

Wakili akaendelea kutufundisha gizani. Kwamba gesi yenyewe haina harufu. Kwamba hutiwa dawa ya kunuka makusudi ili ikivuja tuijue, na hiyo dawa hunuka kabichi iliyooza. Akanyamaza. Akanusa tena. Akapiga magoti, akafuata pua yake hadi chini ya kitanda changu, akavuta mfuko wa karatasi. Ilikuwa kabichi. Niliinunua kwa bei nafuu, nikaificha nisiulizwe kwa nini nimenunua kabichi mbili, nikaisahau. Wakati huo mlangoni palikuwa na orofa nzima. Kwa siku nyingi baadaye watoto walikuwa wakinipita kwenye ngazi wanaziba pua na kusema, "Msiwashe taa!"

Halafu kuna nyufa. Kuna ufa unaoanza orofa ya pili, unapanda nasi, unapumzika ya tano, ukifika kwangu umeshanenepa. Keateka aliuita "mstari wa rangi". Landilodi alipoambiwa, alituma fundi. Fundi akaja na ndoo ya rangi ya krimu. Akapaka. Sasa ni ufa wa krimu.

Hapa nitakuwa na adabu kidogo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la orofa sita liliporomoka Huruma, kando ya mto. Walikufa watu wapatao 50. Jengo lilikuwa jipya, na lilikuwa limeshatajwa kwamba ni la kubomolewa. Watu walikuwa wanalipa kodi wakalala. Katoto kachanga ka kike kalitolewa kakiwa hai baada ya siku zaidi ya tatu, kamefunikwa blanketi, kako kwenye beseni. Baada ya hapo wakaguzi wakazunguka, majengo mabovu yakapigwa X ya rangi nyekundu ukutani. Kila mpangaji wa Nairobi anaijua hiyo X. Ukiiona kwenu, usiulize, fungasha.

Sasa msikilize mwenzako.

Jumapili moja nilichelewa kurudi. Nikasailiwa na soja, nikaeleza meno ya Boi, nikaingia. Ngazi giza, balbu zilishaibwa. Napanda na tochi ya simu, chaji asilimia tatu. Nafika mlangoni pangu, nainua tochi nitafute kitasa. X. Nyekundu. Kubwa, kutoka kona hadi kona.

Miguu ilikataa amri. Nikakumbuka Huruma, nikakumbuka ufa wa krimu, nikapiga ukemi mmoja. Wako wanaosema ilikuwa sauti ya mwanamke, mimi sikubali, ni mwangwi wa ngazi. "Tumepigwa X! Shukeni! Tumepigwa X!"

Milango ikafunguka. Watu walimwagika kwenye ile ngazi kama maharagwe gunia limepasuka. Huyu ana mtungi wa gesi kichwani. Huyu ana kuku. Mama mjamzito ana jerikeni zake mbili, sijui za nini. Wakili ana vitabu. Mimi godoro. Jamaa wa orofa ya pili anapanda, amesahau simu, na kwa mara ya kwanza nikajua wanavyojisikia wale wanaonitukana asubuhi. Nikamtukana. Boi alikuwa amebebwa na mama yake, ambaye alishafika chini zamani na hakuwa na haraka yoyote usoni.

Tukafika getini. Limefungwa.

"Fungua, mzee! Nyumba inaanguka!" Mzee akasema baada ya saa nne ufunguo wa kutolea vitu uko kwa keateka, yeye ana wa kuingizia watu tu. Keateka akapigiwa. Mteja. Akapigiwa tena. Mteja. Watu zaidi ya mia mbili, tumebanwa kati ya jengo na chuma, wa nyuma wanasukuma, watoto wanalia, mtu ananiuliza godoro langu liko usoni pake kwa nini. Mwishowe keateka akasikia kelele akatoka mwenyewe, na leso kiunoni. Akatutazama. Akatazama magodoro.

"Mnahama?"

"Nyumba inaanguka!"

"Sawa. Mmelipa?"

Akaingia ofisini. Tukajua anachukua ufunguo. Alitoka na kitabu. Ndugu yangu, yule mtu alisimama mbele ya geti, jengo juu yetu linaanguka kwa mujibu wangu, akaanza kusoma madeni. Orofa kwa orofa. Aliyelipa apite huku, asiyelipa abaki pale. Ati tusisukumane. Akafika ya saba. "Baba Boi, mwezi mmoja na nusu, na ya takataka." Mbele ya mama mkwe wa jirani. Mbele ya watoto wa msiwashe taa.

Ndipo kijana wa maji, yule anayelala pale dukani chini, akachungulia akifikicha macho. "Kuna nini?" Akaambiwa tumepigwa X. "Wapi?" Mlango wa Baba Boi. "Aah, hiyo ni yangu. Mtu akinidai... yaani nikimdai akipitisha soo mbili namwekea alama nisisahau. Nyeupe zilikuwa zimeisha, nikatumia chaki nyekundu."

Kimya kikaingia. Vichwa vyote vikageuka. Nilikuwa bado na godoro kichwani, nikatamani liwe refu zaidi. Watu wakaanza kupanda. Mmoja mmoja. Kila anayenipita anatoa pumzi. Kijana wa maji alikuwa wa mwisho kuniongelesha. Aliuliza kama ningetaka anipandishie godoro. Bei ya orofa ya saba.

Mimi jamani niliudhika. Si na X. Niliudhika na lile geti. Kesho yake nikaenda kwa Wakili nikamwambia nataka kushtaki. Akafurahi sana, maana mtihani ulikuwa karibu. Akanionyesha Katiba ya 2010, kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya kupata makao ya kufaa na usafi wa mazingira wa kiwango kizuri. Nikamwomba anisomee tena. Ni tamu. Nikamuuliza hayo makao yako mtaa gani. Akasema hiyo ni haki tu, kuitafuta ni kazi yako. Akanieleza pia kwamba sheria za ujenzi tulizokuwa nazo zilitungwa 1968 na hizi mpya zilianza kutumika Machi 2025. Nikahesabu. Nyumba yetu ilijengwa katikati hapo. Kama ilijengwa kwa sheria, basi ni ya enzi za Mzee Kenyatta.

Halafu akapata yenyewe. Kuna sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296. Landilodi hawezi kukupandishia ovyo, hawezi kukutoa ovyo, kuna baraza lake la kukusikiliza kabisa. Nikasimama. Nikamshika mkono. "Kesho tunaenda!" Akaendelea kusoma akipunguza sauti. Inamhusu mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Nikaketi. Shilingi 2,500. Kwa Pipeline ya leo hiyo ni kodi ya kuegesha mguu mmoja.

Lakini usinidharau, nilifikiria. Usiku kucha. Asubuhi nikaoga kwa maji ya chumvi, nikavaa ile suruali iliyobaki, nikashuka kwa keateka na pendekezo. Nikamwambia amfikishie landilodi ombi langu kwa heshima. Anipunguzie kodi kutoka ngiri tano hadi 2,500, kwa mwezi mmoja tu, ili niweze kumshtaki. Kesi ikiisha tunarudi bei ya zamani, sina ubaya.

Keateka hakucheka. Hiyo ndiyo ilinitia tumaini. Aliandika kitu kwenye kitabu, akasema atafikisha. Na alifikisha, maana wiki ileile barua ikabandikwa getini, na muhuri. Nilikimbia kuisoma. Ilisema kufuatia wapangaji kujaribu kutoka usiku na vitu, landilodi ameamua kuimarisha usalama. Geti litaongezwa kufuli la pili. Kila nyumba itachangia soo mbili kila mwezi, ada ya usalama. Kila orofa itakuwa na mwenyekiti wa kuzikusanya, na kwa orofa ya saba ameteuliwa Baba Boi, kwa kuwa ndiye mwenye sauti.

Mshahara hakuna. Nimepewa kitabu cha risiti na filimbi. Wa kwanza kwenye orodha ya wanaodaiwa ni mimi mwenyewe, na nimeshajipigia simu nikajiambia jioni. Kama wewe ni wa orofa ya saba, nakuja kwako leo baada ya taarifa ya habari. Usizime taa ukajifanya hauko. Hizo mbinu zote ni zangu.